Kaya Inayotazamwa na Kaya za Pembeni: Karne ya Kuhesabiwa Pwani ya Kusini

Katika The Sims, mchezo wa kompyuta uliobuniwa na Will Wright na kutolewa Februari 2000, mtaa una nyumba kadhaa lakini saa hutembea katika nyumba moja tu. Familia aliyoichagua mchezaji hula, hulala, hugombana, huenda kazini na kulipa bili. Jirani amesimama pale pale alipoachwa. Mtoto wake hakui, njaa haimuumi, deni lake haliongezeki. Akija kupiga hodi huja kama mgeni, na akishaondoka maisha yake hukatika hadi mchezaji atakapoamua kuifungua nyumba yake.

Wabunifu wa michezo ya namna hii wamesumbuka na jambo hilo kwa zaidi ya miaka 20: ni kaya ipi ipewe maisha kamili, na kaya zilizobaki zifanyweje? Dola zilikabiliana na swali hilo hilo zamani, kabla ya kompyuta kuwapo, zikalijibu kwa madaftari ya kodi, hati za ardhi, vipande vya utambulisho na sensa. Pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Tiwi na Diani kupitia Msambweni na Gazi hadi Shimoni na Vanga, imeyaonja majibu yote. Historia yake inaonyesha kwamba kukisia maisha ya watu kunaweza kuwa jambo la lazima na hata la manufaa. Madhara huanza pale makisio yanapoketi kwenye kiti cha ukweli, yakagawa ardhi, dawa na uraia, na mwenye kukisiwa hana mlango wa kuingia kuyasahihisha.

Kugandisha, kukisia, kufuta

Mwaka 1985 kampuni ya Activision ilitoa Little Computer People, mchezo uliobuniwa na David Crane pamoja na wenzake. Ulikuwa na nyumba moja, na ndani yake mtu mmoja na mbwa wake. Jirani hakuwapo, kwa hiyo hapakuwa na kaya ya pembeni. The Sims ilipoleta mtaa, ililichukua jibu jepesi kuliko yote: kaya isiyochezwa igandishwe.

The Sims 2, iliyotoka mwaka 2004, ilileta uzee na vizazi, na hapo jibu lile likaanza kuaibika. Kila nyumba ilikuwa na saa yake. Mchezaji angeweza kuifuata familia moja hadi ikapata wajukuu, kisha akifungua nyumba ya pili awakute watoto waliosoma na babu yao wangali watoto. The Sims 3 ya mwaka 2009 ikajaribu kurekebisha: mji mzima ukaishi chini ya saa moja. Watu wa nyumba zisizotazamwa wakaajiriwa, wakaoa, wakahama, wakafa. Hata hivyo kompyuta haikuweza kupiga hesabu ya njaa, usingizi na hasira ya kila mkazi kwa kila dakika, basi maisha ya kaya za pembeni yakaendeshwa kwa hesabu ya jumla na bahati nasibu. Mchezaji alirudi akakuta jirani yake kahama, bila sababu yoyote inayotokana na maisha ya jirani huyo.

The Sims 4 ya mwaka 2014 ilirudi nyuma. Nyumba zikatenganishwa tena, na dunia ya mchezo ikawekewa kikomo cha wakazi. Idadi ikizidi, programu huwaondoa baadhi ya watu ambao mchezaji hawashughulikii, na wasio na makazi ndio walio hatarini zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 2021 wabunifu waliongeza utaratibu wa kuwapa majirani mabadiliko yao wenyewe ya maisha, na baadaye mchezaji akaruhusiwa kuchagua ni kaya ipi iguswe na kwa mabadiliko ya aina gani.

Kwa hiyo zipo njia tatu za kuishughulikia kaya isiyotazamwa: kuigandisha, kuikisia, au kuifuta. Zote zinatokana na uhaba. Nguvu ya mashine ina mwisho, kama ulivyo na mwisho muda wa karani na bajeti ya wilaya. Pwani ya kusini, uhaba huo ulikuwa na chanzo kingine pia: watawala walikuwa wameshaamua ni nani anayestahili kuandikwa kwa jina lake.

Mawe na udongo

Hata kabla ya makarani, wakati wenyewe ulikuwa umeshachagua. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba karibu na Kwale akapata vyungu vya wakulima waliofua chuma katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Vyungu vya jinsi hiyo vilipoonekana katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki viliitwa kwa jina la Kwale, na hadi leo jina la mji huo mdogo wa vilima vya Shimba limo katika vitabu vya historia ya bara zima. Tunajua walivyochora kingo za vyungu vyao. Majina yao, idadi yao na nani alikuwa mkuu wa nyumba gani, hayo yamepotea.

Karne nyingi baadaye palijengwa kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe hudumu. Msikiti wa Kongo ungali umesimama mdomoni mwa mto Mwachema, kati ya Tiwi na Diani, na watu wanasali ndani yake. Nyumba za udongo na makuti zilizouzunguka zimerudi ardhini zamani. Anayesoma historia ya pwani kwa magofu peke yake ataona waliomudu mawe na kuwakosa waliowalimia, waliowavulia na waliowachongea milango.

Waliobaki nje ya mawe walikuwa na hifadhi yao. Ndani ya misitu ya Kinondo, Diani na Muhaka, Wadigo walikuwa na makaya: makazi yaliyozungushiwa msitu, yenye njia maalumu za kuingilia, makaburi ya waliotangulia na mahali pa baraza. Watu walipohamia mashambani, wazee wa kaya walibaki na jukumu la kukumbuka nani alitoka mlango gani wa ukoo na nani ana haki ya kuzikwa wapi. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya makaya ya Wamijikenda, ambao Wadigo ni miongoni mwao, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Kumbukumbu iliyotunzwa vinywani ikatambuliwa na taasisi ya karatasi, lakini ilikuwa imeshafanya kazi yake kwa karne kadhaa bila karatasi hiyo.

Kwa mujibu wa mila ya Wadigo, ukoo na mali vilifuata upande wa mama, na mjomba alirithiwa na watoto wa dada yake. Maisha ya mtu yaligawanyika basi kati ya nyumba alimolala na nyumba ya dada yake iliyokuwa na dai juu yake. Uislamu ulileta mirathi ya upande wa baba, na mahakama zilipata kesi nyingi kutokana na mgongano wa taratibu hizi mbili. Wakati huo huo fomu ya serikali ilikuja na nafasi moja ya mkuu wa kaya, na aghalabu ilimwandika mwanamume. Uhusiano wa mjomba na mpwa, uliokuwa ukiamua nani atalima wapi, haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Vibanda mara watu

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana pwani kwa mstari ulioanzia mdomoni mwa mto Umba, karibu na Vanga. Wadigo wa Vanga na Wadigo wa upande wa Tanga, wenye ndugu, mashamba na misikiti ya pamoja, wakawekwa katika vitabu viwili tofauti. Mwaka 1895 ukatangazwa ulinzi wa Uingereza juu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na ngome yake Gazi, alipigana na utawala mpya hadi alipovuka kuingia himaya ya Wajerumani mwaka 1896.

Baada ya bunduki ilikuja kodi ya vibanda, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Afisa hakuhesabu watu, alihesabu mapaa. Mume mwenye wake wawili walioishi katika nyumba mbili alilipia mbili. Jambo hili lilikuwa na matokeo makubwa kuliko fedha zilizokusanywa, kwa sababu daftari la kodi ndilo lililokuja kuwa msingi wa kukadiria idadi ya Waafrika wote. Serikali ilichukua hesabu ya vibanda na walipa kodi, ikaizidisha kwa wastani uliokisiwa wa watu, ikapata wananchi wa wilaya nzima.

Sensa za mwaka 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwaandika mmoja mmoja Wazungu, Wahindi na wengine walioitwa wasio wenyeji. Meneja wa shamba la mkonge aliulizwa umri wake, alikozaliwa, dini na kazi yake. Wafanyakazi wake waliandikwa kama zao la kuzidisha. Kitabu kimoja, koloni moja, na kaya za aina mbili: zilizotazamwa na zilizokisiwa.

Makosa ya hesabu hii hayakuwa madogo, na hayakuangukia kila mtu kwa usawa. Familia mbili zilizobanana chini ya paa moja ili kukwepa kodi ya pili ziligeuka familia moja. Kijana aliyekwenda Mombasa kubeba mizigo bandarini hakuonekana vizuri kijijini wala mjini. Mjane aliyesamehewa kodi alitoweka kabisa katika chanzo cha makadirio. Njaa au ndui ikipita, vibanda vingeweza kubaki vile vile huku watu wakipungua, na daftari lisijue mpaka msimu mwingine wa kodi.

Sensa ya kwanza iliyojaribu kuwahesabu watu wa rangi zote ilifanyika mwaka 1948. Bibi aliyezaliwa Msambweni serikali ilipotangaza ulinzi wake alikuwa ameshapita miaka 50 kabla ya dola hiyo kumhesabu kama mtu. Sensa nyingine ilifuata mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na kuanzia 1969 Kenya imehesabu watu wake kila baada ya miaka 10.

Wenye hati na wenye minazi

Kuhesabiwa ni hatua moja, na kumilikishwa ni nyingine. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani walete madai yao yakaguliwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Sheria hiyo iliwafaa waliozoea mahakama na karatasi: familia za Kiarabu na za Waswahili wa mijini, wafanyabiashara wa Kihindi, Wazungu wenye mashamba. Wamijikenda walichukuliwa kuwa watu wa ardhi ya kabila zima, watakaotengewa maeneo yao. Familia ya Kidigo iliyolima mahali pamoja kwa vizazi vitatu haikuwa na njia rahisi ya kuingia katika kitabu kama familia.

Umiliki wenyewe wa pwani ulikuwa na tabaka. Mtu aliweza kuwa na minazi au miembe juu ya ardhi ya mwingine, akaiuza, akaiweka rehani, akairithisha. Mwenye ardhi na mwenye mnazi walijuana, na mashahidi walikuwapo. Rejesta ya serikali ilitaka jina moja kwa kila kiwanja. Waliopanda mnazi, waliochimba kisima na waliozika wazazi wao hapo hawakuwa na safu yao.

Utalii ulipoipandisha thamani ya Diani baada ya uhuru, tofauti hii ilizaa machungu yaliyopo hadi leo. Viwanja vya ufukweni vilipita mikononi mwa hoteli, wanasiasa, watumishi wa serikali na wafanyabiashara, na njia za wavuvi kufika baharini zikawa za kugombaniwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ugawaji wa ardhi ya umma kinyume cha sheria ilionyesha jinsi mali ya wananchi ilivyogawiwa wachache nchini kote, pwani ikiwamo. Mmiliki anayeishi Nairobi au Ulaya, ambaye huenda hajalala usiku mmoja kwenye kiwanja chake, akawa ndiye anayejulikana na rejesta. Familia iliyokuwa ikiangua nazi mahali hapo kila msimu ikaitwa skwota. Kwa macho ya rejesta nyumba isiyo na mtu ilikuwa hai, na nyumba yenye watoto saba ilikuwa mandhari.

Ramisi na umri usiopita 18

Mfano wa kaya iliyogandishwa unapatikana kusini zaidi, katika mashamba ya miwa ya Ramisi na mashamba ya mkonge. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza katika miaka ya 1920. Miongoni mwa wafanyakazi walikuwamo Wamakonde waliotoka Msumbiji, walioanza kuletwa enzi za ukoloni. Wengine walifuata baadaye, wakikimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno. Daftari la shamba liliwajua kwa siku za kazi. Waliishi Makongeni na vijiji vingine vya Msambweni, wakaoa, wakachonga mpingo, wakapata watoto na wajukuu.

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja akiwa naye amezaliwa Kenya. Wengine waliokuwa na haki ya kuomba walipewa muda mfupi wa kufanya hivyo. Tangazo la namna hiyo hufika vizuri kwa mwenye wakili, na hufika kwa shida kwa mkata miwa asiyejua kwamba jambo lolote linaombwa. Muda ulipita. Hata kwa Wakenya wasio na shaka ya asili, kitambulisho kilikuwa cha wanaume mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, wanawake walipoanza kusajiliwa. Kwa Mmakonde, mlango ulibaki umefungwa kwa mume na mke pamoja.

Kiwanda kilianguka mwaka 1988, na daftari pekee lililowajua likafungwa. Serikali ikakodisha sehemu ya ardhi ile kwa kampuni mpya ya sukari mwaka 2007, na wakazi waliokuwa wakiitegemea wakaingia katika migogoro mirefu. Mwaka huo huo M-Pesa ilianza, na kadiri nchi ilivyohamia kwenye simu ndivyo kutokuwa na kitambulisho kulivyozidi kuwa adhabu. Bila kitambulisho huna laini iliyosajiliwa kwa jina lako, huna akaunti ya benki, huwezi kupiga kura, kuandikisha ardhi wala kuajiriwa rasmi. Kitambulisho cha Kenya ndicho kinachomtoa mtu utotoni akitimiza miaka 18. Mzee wa Makongeni mwenye wajukuu, aliyezaliwa na kuzeeka Kwale, alikuwa mbele ya dola ni mtu ambaye hajatimiza miaka hiyo.

Wabunifu wa The Sims 2 walirekebisha kasoro kama hiyo katika toleo lililofuata, miaka mitano baadaye. Wamakonde walisubiri zaidi ya nusu karne. Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya uraia ya mwaka 2011 ziliweka njia ya kuwasajili watu wasio na uraia waliokuwa wakiishi nchini tangu uhuru, ila utekelezaji ulisuasua. Oktoba 2016 Wamakonde waliondoka Kwale kwa maandamano ya kwenda Nairobi, wakisaidiwa na watetezi wa haki za binadamu. Tarehe 13 ya mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Wapemba wa Shimoni, Vanga na vijiji vingine vya wavuvi walingoja zaidi. Baadhi ya familia zao zilikuwa pwani ya Kenya kabla ya uhuru, na nyingine zilivuka kutoka Pemba baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Mvuvi asiye na kitambulisho hawezi kusajili chombo chake wala kupata leseni kwa jina lake, kwa hiyo huvua chini ya jina la mtu mwingine na hesabu ya samaki wake huandikwa kwa mwingine. Utambuzi wao ulitangazwa mwaka 2023. Katika takwimu za uvuvi za miaka yote iliyotangulia, jasho lao lilikuwamo bila wao.

Kaya zinazotembelewa

Itakuwa dhuluma kuihadithia historia hii kana kwamba kila kutazama ni kudhibiti na kila kukisia ni kudharau. Msambweni ina ushahidi wa upande wa pili, nao ni ushahidi wa kuheshimiwa.

Kuanzia mwaka 1984 watafiti wa Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani waliendesha huko mradi mkubwa wa kichocho cha mkojo. Vimelea vya ugonjwa huu huishi kwenye mabwawa na mito yenye konokono, na mtoto anayeoga au kuchota maji huambukizwa kupitia ngozi. Watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba na shule kwa shule, wakapima mkojo, wakatibu, wakarudi mwaka uliofuata kuona nani kaambukizwa tena. Takwimu za eneo hilo zimetumika baadaye katika mifano ya kihesabu ya jinsi kichocho kinavyosambaa na jinsi ya kukizuia. Ndani ya kompyuta vijiji vya pwani ya kusini viliishi tena, vikatibiwa kwa njia hii na ile, ili ijulikane ni ipi itakayowafaa watu halisi.

Karibu na mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani, kikishirikiana na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kilianzisha Kwale mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu. Utaratibu wake ni wa kazi ngumu isiyo na umaarufu. Kaya zote za eneo lililochaguliwa huorodheshwa mwanzoni. Kisha mdadisi hurudi mara kwa mara kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki na kwa ugonjwa gani, nani amehamia na nani ameondoka. Ndani ya mpaka wa eneo hilo kila kaya ina saa yake inayotembea. Hatua chache nje ya mpaka, kaya ya jirani hujulikana kwa wastani, au kwa bahati ya kuangukiwa na sampuli ya utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, ambao Kenya imekuwa ikiufanya tangu 1989.

Mpangilio huu unafanana sana na ule wa mchezo, ila unaongozwa na maadili. Makisio yake huandamana na kiwango cha kosa, yaani mtafiti hutangaza ni kwa kiasi gani anaweza kuwa amekosea. Maarifa kutoka kaya zinazotembelewa huwafikia wasiotembelewa: mtoto wa kijiji kisichotafitiwa hupewa dawa ya kichocho kwa sababu mtoto wa kijiji kingine alikubali kupimwa miaka mingi kabla yake. Deni linalobaki ni la kurudisha matokeo. Mama anayefungulia mlango wadadisi mwaka baada ya mwaka anastahili kuelezwa walichokipata kuhusu watoto wake na maji anayochota, kwa lugha yake, kabla ya matokeo hayo kusomwa ng'ambo.

Kukisiwa upya

Usiku wa kuamkia 25 Agosti 2019 Kenya ilihesabu watu wake kwa vishikwambi kwa mara ya kwanza. Kaunti ya Kwale ilipata wakazi 866,820, kutoka 649,931 wa mwaka 2009. Nambari hizi huingia katika mgawo wa fedha za kaunti, katika mipaka ya wadi na katika idadi ya zahanati. Kaya iliyorukwa usiku ule inaishi bila fungu lake kwa miaka 10.

Wakati huo huo makisio ya kale yamerudi na mavazi mapya. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara wa mwajiriwa. Mvuvi wa Gazi na muuza mahamri wa Ukunda hawana hati ya mshahara, basi programu huwakadiria kipato kwa maswali kuhusu nyumba wanayoishi na mali walizonazo, kisha huwapangia mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Afisa wa miaka ya 1900 alihesabu mapaa ili kujua watu. Programu huuliza kuhusu nyumba ili kujua mfuko. Kaya iliyojengewa nyumba na mtoto wake aliye Uarabuni inaweza kuonekana tajiri mwaka ambao mtoto huyo amepoteza kazi.

Uchimbaji wa madini uliongeza orodha nyingine. Ili kampuni ya Base Titanium ichimbe Maumba na Nguluku huko Kwale, kaya nyingi zilihamishwa, baadhi zikapelekwa Bwiti. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2014, na uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Orodha ya fidia huigandisha kaya siku inapoandikwa. Kijana aliyekuwa darasa la pili siku ile sasa ana mke na mtoto, na ardhi iliyogawiwa ni ile ile moja ya baba. Mgodi umefungwa, na kaunti na serikali kuu zina wajibu wa kuzifuata kaya hizo kama zilivyo leo, katika ukubwa wake wa leo.

Gazi yenyewe imeonyesha njia bora. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha Mikoko Pamoja, mradi unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki za hewa ya ukaa. Miti hupimwa na watafiti pamoja na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo, na matumizi ya mapato, kama vile maji na shule, hujadiliwa kijijini. Aliye ndani ya hesabu anajua inavyofanywa, anaweza kwenda kuikagua, na anaweza kusimama barazani kuipinga.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya dola na mchezo. Mchezaji hana wajibu wowote kwa jirani aliyegandishwa, kwa kuwa jirani huyo haumwi. Kaya ya Vanga huumwa usiku, huzaa, huzika na kukopa, iwe imetazamwa au haikutazamwa. Serikali haiwezi kuifuata kila kaya kila saa, na hatupaswi kuitaka ifanye hivyo. Watu wana haki ya kuishi bila kuchunguzwa. Tunachopaswa kukidai kinawezekana. Kila kadirio linalompangia mtu mchango, fidia au ruzuku liandikwe wazi kwamba ni kadirio, pamoja na njia lilivyofikiwa. Kaya iliyokadiriwa iweze kulisahihisha kwa chifu wake au Huduma Centre iliyo karibu, bila nauli ya kwenda Mombasa na bila kumhonga mtu. Jina lisifutwe katika orodha yoyote kabla mwenyewe hajaarifiwa na kusikilizwa. Fomu ziwe na nafasi ya uhusiano halisi wa watu wa pwani: mwenye mnazi, mpwa anayelelewa, mke anayeongoza nyumba yake.

Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Vijiji vya Kwale vina muda wa kujiandaa. Wazee wa mtaa, kamati za misikiti na makanisa, kamati za wavuvi na wazee wa kaya wanaweza kukaa na kuandika orodha zao za nyumba, wakiziweka wazi kwa kila mkazi kuzikagua, kisha wazilinganishe na orodha ya karani atakapofika. Karani akiwa na nyumba 80 na kijiji kikiwa na 93, zile 13 zitatafutwa siku hiyo hiyo, mbele ya wenyewe.